Minyororo hamsini, kirangozi hayumo

Anayekuja Bagamoyo kupiga filamu ya mambo ya kale huniuliza swali lile lile kabla hata hajanywa maji: minyororo ya watumwa nitapata wapi? Wiki iliyopita kijana mmoja alitaka hamsini. Kazi yangu ni kupitia miswada ya namna hii, na mnyororo umenichosha.

Dhana: kila aliyebeba mzigo kwenye msafara alikuwa mtumwa.

Watumwa waliletwa pwani, tena wengi, na asiniambie mtu kwamba nalificha hilo. Lakini bandari kubwa ya biashara hiyo huku pwani ya bara ilikuwa Kilwa. Bagamoyo ilineemeka zaidi kwa pembe za ndovu. Aliyezibeba kutoka Unyanyembe, huko Tabora, mwendo wa miezi mitatu hivi, mara nyingi alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kwa hiari yake. Mzigo kama kilo 30 begani, ujira wake vitambaa, merikani na kaniki, na posho akiidai hasa. Akipunjwa, anautua mzigo na kutoroka. Mbele yao alikwenda kirangozi, mwongoza msafara, na bendera, ngoma ikilia. Kwao Unyamwezi, kijana ambaye hajaiona bahari hakuhesabiwa mwanamume kamili.

Sasa mtazame mpagazi huyo kwenye filamu: kichwa chini, kimya, chuma shingoni. Mjukuu wake aliyezaliwa hapa hapa mjini anatoka kwenye banda la video akiamini babu aliletwa, kumbe babu alikuja. Jirani yake, ambaye babu yake alivaa kanzu, anageuzwa mjukuu wa mshika mjeledi. Na hii yote kazi ya mtu wa mavazi! Kanzu Mwarabu, kaniki Mwafrika, basi, kabila limeshagawanywa. Kanzu hiyo hiyo aliivaa Mshomvi, Mswahili wa pwani hii, akaivaa na Mzaramo aliyesilimu.

Wakibanwa hukimbilia jina la mji: bwaga moyo, mtumwa kakata tamaa. Wapagazi nao wana simulizi yao ya jina hilo: safari imekwisha, mzigo chini, moyo utulie. Wabishane wanaotaka kubishana, ila hiyo ya pili sijaiona hata kwenye mswada mmoja.

Dhana: vita vya 1888 vya pwani dhidi ya Wajerumani vilikuwa vya Waarabu.

Jina hilo lilitoka kwa Wajerumani, waliohitaji bunge la Berlin liidhinishe fedha za jeshi la kamanda wao Wissmann kwa kisingizio cha kupambana na utumwa. Abushiri, kiongozi wa vita hivyo, alinyongwa Pangani Desemba 1889, na Bwana Heri wa Saadani, pamoja na Wazigua wake, akaendelea kupigana hadi 1890. Mswada usiomtaja Bwana Heri naurudisha bila kusoma ukurasa wa pili.

Dhana: filamu ikishazeeka inakuwa ushahidi.

Mwaka 1941 Wajerumani walitoa filamu kumhusu Carl Peters, mkoloni wao huku, shujaa kabisa. Ni yule yule Mkono wa Damu, ambaye mwaka 1897 serikali yake yenyewe ilimfukuza kazi kwa ukatili alioufanya Kilimanjaro. Ukiitazama, jiulize Ujerumani ya 1941 ilimtakia nini.

Yule kijana amenipigia jana. Minyororo ameishusha hadi ishirini. Kirangozi bado hajamwandika. Anasema bendera na ngoma vitamwongezea gharama.