Je, wajua kwa nini leseni uliyoilipia yaweza kubaki nyuma ukibadili mfumo wa kompyuta?

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za ex-UK zinazouzwa Mombasa hazifikii masharti ya Windows 11. Mwenye mashine ya aina hiyo ana njia kadhaa. Wapo wanaoingia Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, na wapo wanaojikaza wakanunua Mac. Ndipo swali linapofika kwa fundi: "Fundi, ile Office niliyoilipia utanihamishia?" Naye hujibu, "Inategemea, mama. Uliinunua vipi?"

Jibu hilo lasikika kama la kukwepa, lakini ndilo sahihi. Ulipolipa pesa hukuinunua programu yenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya fasihi, kundi moja na riwaya na mashairi. (Sijui Muyaka bin Haji angesema nini akiambiwa beti zake zimekaa safu moja na programu ya kupigia hesabu za duka.) Kazi hubaki ya mwenyewe, nawe wapewa ruhusa ya kuitumia. Masharti ya ruhusa hiyo yamo kwenye yale maandishi marefu ambayo sote huyapita mbio tukibofya "Nakubali". Humo ndimo ilimoandikwa kama ruhusa imefungwa kwenye mashine, kwenye akaunti yako, au kwenye mfumo endeshi mmoja tu.

Hata masharti yakiwa mepesi, kuna kikwazo cha kiufundi. Programu ya Windows huiomba Windows kila kitu: ifungue dirisha, ihifadhi faili, ipeleke karatasi kwa printa. Maombi hayo Mac na Linux haziyaelewi, na hata faili lenyewe la programu limepangwa kwa namna nyingine. Tiketi ya treni ya Miritini yaweza kuwa halali kabisa, lakini hupandi nayo basi la Mwembe Tayari, ingawa vyote viwili vyaenda Nairobi. Kwa hiyo kampuni inayotaka wateja wa pande zote hulazimika kutengeneza programu mara mbili, na baadhi huziuza mbalimbali. QuickBooks Desktop, programu ya hesabu za biashara, ya Windows ni bidhaa moja, ya Mac ni nyingine, na leseni ya hii haifungui ile. Adobe, wenye Photoshop ya kuhariri picha, nao waliuza hivyo hivyo hadi toleo la CS6 la 2012. TallyPrime, inayopendwa na wahasibu wengi, imetengenezwa kwa Windows peke yake.

Leseni ya Windows yenyewe ina mambo yake. Laptopu ikitoka kiwandani na Windows, leseni ile ni ya mashine hiyo. Zamani ufunguo wa herufi na nambari 25 ulibandikwa kwa stika chini ya laptopu. Tangu Windows 8 ya 2012, watengenezaji huuhifadhi ndani ya bodi kuu ya kompyuta (motherboard). Ndiyo maana ukifuta kila kitu ukaweka Linux, leseni haipotei. Siku ukijuta ukarudisha Windows ya daraja lile lile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, yenyewe itausoma ufunguo na kujiamilisha. Ila kuichukua leseni hiyo na kuipeleka kwenye mashine nyingine, masharti hayaruhusu. Iliyonunuliwa peke yake dukani ndiyo inayohama, mradi uitoe kwanza kwenye kompyuta ya zamani.

Utajuaje unayo ipi? Fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, andika slmgr /dli, kisha subiri kidogo. Kitatokea kisanduku, na ndani yake utafute neno "channel". Ukiona OEM_DM, hiyo imefungwa kwenye bodi. RETAIL ni ile inayohama. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT, simama hapo. Hiyo ni ya mashirika, ambayo kompyuta zake hupata idhini kutoka seva ya ofisi, na idhini isipohuishwa hudumu siku 180. Ukiikuta kwenye laptopu yako binafsi, ama mashine ilikuwa ya kampuni fulani, ama mtu ameipiga ujanja ili ionekane imeamilishwa. Kwa vyovyote vile, wewe huna leseni ya kuhamisha, na heri uyajue hayo leo kuliko siku ya kuhama.

Kwa sisi wa pwani kuna adui mwingine: hewa ya chumvi. Bodi huota kutu ikafa, na fundi akikuwekea bodi nyingine, Windows huiona mashine kuwa mpya na kudai kuamilishwa upya, maana ufunguo umekwenda na bodi ya zamani.

Leseni za akaunti ndizo zinazohama bila matata, na hizo ndizo watu wanazozilalamikia zaidi kwa kulipiwa kila mwezi au kila mwaka. Mwenye Microsoft 365 huingia kwenye Mac kwa barua pepe yake na kuendelea na kazi. Adobe Creative Cloud ya mtu mmoja huruhusu kompyuta mbili, hata moja ikiwa Windows na nyingine Mac, ila usizitumie zote kwa wakati mmoja. Kwenye Linux, Word na Excel utazifungua kwa kivinjari tu, na Photoshop kamili haijatengenezewa mfumo huo.

Lakini akaunti ni ya nani? Kuna wauzaji wanaokupa "Office ya maisha" kwa barua pepe usiyoijua, yenye jina la ajabu na nywila waliyoiweka wao. Mwenye barua pepe ndiye mwenye leseni. Siku wakiifunga, hata risiti haitakusaidia.

Kosa la kawaida zaidi ni kuformati kwanza, kuuliza baadaye. Seva ya kampuni bado inaihesabu kompyuta ya zamani, hivyo nafasi yako inaliwa na mashine ambayo haipo tena. Microsoft na Adobe hukuruhusu kuitoa kupitia tovuti yao, lakini programu nyingi ndogo, hasa za hesabu na usanifu, leseni huzimwa ndani ya programu yenyewe. Ukishaifuta, unabaki kuwaandikia waliokuuzia, risiti mkononi, na kungoja. Basi kabla ya kumwachia fundi mashine, nakili funguo zako, toka kwenye kila programu, na uhifadhi data kwa muundo ambao programu nyingine zaweza kuufungua.

Kuna pia Wine, programu ya mradi ulioanza 1993: huyapokea yale maombi ya Windows na kuyajibu ndani ya Linux, kwa hiyo leseni yako ya programu ya Windows yaweza kufanya kazi huko. Shida huja kwenye kuamilisha. Programu ndogo ya zamani hupita, lakini Office mpya na za Adobe ni sumbufu. Ukiamua kuendesha Windows nzima ndani ya Mac au Linux, Windows hiyo nayo yataka leseni yake.

LibreOffice ya kazi za ofisi, GIMP ya picha na VLC ya video hazina hesabu hizi. Leseni zake huria zakuruhusu kuziweka kwenye mashine yoyote, mfumo wowote, mara utakazo. Kwa duka la Biashara Street linaloandika barua na ankara, LibreOffice yatosha. Kama mhasibu wako yuko kwenye Tally, sioni sababu ya kuitupa Windows ya zamani: iache pembeni kwa kazi hiyo moja na uikate intaneti, kwa kuwa Windows 10 haipati tena masasisho ya kawaida ya usalama.