Kustaafu kaunti tulivu: kaa huko kwanza, ununue baadaye

Kazi yangu kwa mfuko wa pensheni ni kukaa na watu wanaokaribia miaka 60, ule umri wa kustaafu serikalini, na nikiwauliza watahamia wapi wengi wananijibu kama wanaona picha: kilima, hewa safi, ng'ombe wawili, hakuna kelele za matatu. Laikipia, Nyandarua, Makueni, Taita Taveta ndizo nazisikia sana. Na kweli ni pazuri. Shida ni kwamba mtu anachagua akiwa na 58, ana gari na magoti bado mazima, halafu hiyo nyumba anakuja kuisikia vizuri akiwa na 75 na daktari ameshamkataza kuendesha usiku.

Ushauri wangu watu hawaupendi manake unachelewesha: kodisha nyumba huko ukae mwaka mzima kabla hujanunua hata robo eka. Wikendi haitoshi, na Disemba ndio mbaya kabisa, kila mtu ako nyumbani na kuna nyama, kila kaunti ni tamu Disemba. Kaa Aprili mvua ikinyesha uone kama ule udongo mweusi unaonata utaacha hata boda ifike geti. Kaa Julai pia. Ol Kalou iko juu ya mita 2,300 na huko Nyandarua sakitu huchoma viazi shambani, sasa wewe mwenye presha ujue baridi huipandisha, na viungo navyo utavisikia kila asubuhi.

Alafu fanya hii: saa nne usiku, bila gari lako, toka kwa hiyo nyumba uende hospitali ya level 4 au 5, zile kubwa za kaunti, ukihesabu dakika. Dalali atakuambia zahanati iko hapo tu karibu, ni sawa, lakini zahanati ni level 2, hailazi mgonjwa na nyingi jioni zimefungwa. Ukifika hospitalini uliza kama daktari hulala hapo, kama eksirei inafanya kazi, kama kuna dialisisi. SHA, ile bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, utaitumia kaunti yoyote, sawa, lakini haitakutoa kwenye matope saa nane usiku.

Maji nayo usiulize dalali, uliza mama anayeteka. Makueni mito mingi ni mchanga mtupu kiangazi, watu wanachimba humo ndani kupata maji, kwa hivyo ulizia mtungi wa lita 20 ni pesa ngapi Septemba kabla mvua za vuli hazijafika. Na ukiona shamba Laikipia au Taita Taveta liko bei ya kutupa, uliza ndovu hupitia wapi.

Ukishakubali kununua, fanya sachi ya title mwenyewe, yaani uangalie kwa rekodi za serikali mwenye shamba ni nani, usitumie ile fotokopi umeonyeshwa, na kama ni shamba la kilimo lazima kuwe na kibali cha bodi ya ardhi, kinaombwa ndani ya miezi 6 baada ya kuandikiana, bila hicho ule mkataba kisheria ni bure hata kama ulilipa shilingi ya mwisho. Na tafadhali usimwage pesa yote ya mkupuo kwa mawe na mabati, nimeona maboma makubwa yamesimama kwa linta na mwenyewe anaomba watoto pesa ya dawa.

Kuna kitu kingine hakiko kwa fomu zetu. Kwa vikao mzee ndiye huongea, mke amenyamaza. Kuna mama mmoja alingoja mpaka chai ndio akanivuta kando akaniambia chini chini, chama chake, kwaya yake na wajukuu wake wote wako Kayole, sasa huko Nanyuki atakuwa anapiga stori na nani, kuku? Nikamuuliza kama amemwambia mzee. Akasema mzee ameshalipa dipositi.