Mistari ya tambi kwenye ramani ya kimbunga: maana yake na jinsi ya kuisoma

Kimbunga kikiwa bado mbali kule Atlantiki, ramani huanza kuzunguka kwenye simu za watu: mistari ishirini, thelathini, ya kila rangi, yote ikianzia nukta moja baharini kisha ikitawanyika kama tambi zilizomwagika. Mtu anatafuta mji wake, anakuta mstari umepita juu yake, roho inamruka. Mwingine anakuta mistari imempita kando, anapumua. Wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja: wameuona mstari mmoja wakadhani ndiyo njia kimbunga kitakayopita.

Karibu kila mstari ni jibu la hesabu ya modeli. Modeli ya hali ya hewa ni programu inayoligawa anga la dunia katika visanduku vidogo vidogo, kila kisanduku na joto lake, unyevu wake, upepo wake na mgandamizo wake. Kompyuta hupiga hesabu za fizikia kujua hewa itakuwaje dakika chache zijazo, kisha dakika chache baada ya hizo, mpaka inafika siku kumi mbele na zaidi. Modeli zinazotajwa zaidi ni GFS ya Marekani, yenye visanduku vya upana wa kilomita 13 hivi, na ile ya ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ya kilomita 9 hivi, ambayo wengi huiita tu "ya Ulaya".

Kwa nini basi zisikubaliane? Kimbunga hakijiendeshi. Hubebwa na mikondo mikubwa ya hewa inayokizunguka, kama gogo mtoni. Katika Atlantiki ya kaskazini kuna eneo kubwa la mgandamizo mkubwa wa hewa, na vimbunga huzunguka ukingo wake. Eneo hilo likiwa na nguvu, kimbunga kinasukumwa magharibi. Likilegea, kinapata mwanya wa kukata kona kwenda kaskazini. Kwa hiyo modeli mbili zikiachana, mara nyingi ugomvi wao hauko kwenye kimbunga chenyewe, uko kwenye ule mwanya: utafunguka wapi, na lini. Hilo ndilo swali la kwanza ninalouliza nikiona mistari imepasuka makundi mawili.

Sababu ya pili ni mwanzo wa hesabu. Katikati ya bahari vituo vya kupima hewa ni vichache mno, na kosa dogo la mwanzoni hukua kadiri siku zinavyosonga. Ndiyo maana ndege hurushwa hadi ndani ya kimbunga kudondosha vipimo vinavyoshuka kwa parachuti vikituma joto, upepo na mgandamizo wa kila tabaka. Na ndiyo maana modeli ya Ulaya haipigwi mara moja tu: hupigwa kwa kundi la mara 51, kila mara mwanzo ukibadilishwa kidogo. Majibu 51 yakishikana, tunajua anga linaelekeza upande mmoja. Yakitawanyika, nayo ni habari: bado hakuna anayejua, na anayekuambia anajua usimwamini.

Kimbunga Ian cha Septemba 2022 kinaonyesha vizuri. Siku chache kabla, GFS ilikuwa ikikipeleka kaskazini zaidi mwa Florida, ya Ulaya ikikivuta kusini zaidi, na macho ya wengi yakawa Tampa, mji ulio pwani ya magharibi ya Florida. Kilivuka magharibi mwa Cuba tarehe 27, na tarehe 28 kikaingia nchi kavu kisiwani Cayo Costa, zaidi ya kilomita 100 kusini mwa Tampa, kikiwa na upepo wa kilomita 240 kwa saa. Itazame ramani: pwani ile ya magharibi inakwenda karibu sambamba na njia ya kimbunga kinachopanda kutoka Cuba. Mstari ukipinda kidogo tu kulia, mahali pa kutua panaruka kilomita nyingi.

Cayo Costa ilikuwa ndani ya koni. Koni ni lile umbo jeupe la kwenye ramani linalotolewa na kituo cha taifa cha vimbunga cha Marekani kilichoko Miami, na naona ndiyo mchoro unaoeleweka vibaya kuliko yote. Upana wake unatokana na makosa ya utabiri ya miaka mitano iliyopita, na maana yake ni kwamba kitovu cha kimbunga hubaki ndani yake kama mara mbili kati ya tatu. Haionyeshi ukubwa wa kimbunga. Mvua, upepo na bahari kufurika hufika mbali nje ya koni.

Nguvu ni habari nyingine kabisa, na huko modeli bado huanguka vibaya. Oktoba 2023, Otis kilitoka dhoruba ya kawaida hadi daraja la 5, la juu kabisa, kwa muda wa kama siku moja, kikaipiga Acapulco huko Mexico. Modeli hazikuwa zimeonyesha hilo.

Kuna mistari mingine kwenye ramani hizo za tambi ambayo si modeli za anga kama hizo. Ukiona mmoja umenyooka kama rula na umeandikwa XTRP, ni mwendo wa sasa wa kimbunga uliorefushwa mbele tu, basi. CLP5 hufuata mazoea ya vimbunga vya zamani. TVCN ni wastani wa modeli kadhaa, na wastani huo mara nyingi huishinda modeli moja moja. OFCL ndio utabiri rasmi wa wataalamu, na huo ndio wa kufuata.

Halafu tazama saa. GFS hupigwa mara nne kwa siku, na kila ramani huandikwa pembeni 00Z, 06Z, 12Z au 18Z, yaani saa ya kimataifa ambayo hesabu ilianzia. Matokeo hutoka saa kadhaa baadaye. Ukitumiwa ramani ya 06Z wakati ya 18Z imeshatoka, unatazama utabiri uliokwisha kupitwa mara mbili.