Maji mazito mtungini: maswali ya mama anayenyonyesha

Mama mmoja wa Shela, Lamu, mwenye mtoto wa miezi 4, alisomewa na mdogo wake wa kidato cha tatu daftari la kemia: ati kila maji yana "maji mazito" ndani yake. Akashinda kutwa bila kunywa, na huku ananyonyesha katika joto hili. Nimeona niyaandike maswali yake, huenda na wengine wanayo.

Kwani hidrojeni ziko ngapi?
Hidrojeni, ambayo ikiungana na oksijeni huwa maji, ni ile ile moja, ila ina uzito wa namna tatu. Ndizo isotopu zake. Ya kawaida ina chembe moja tu, protoni, kwenye kiini cha atomu yake. Ya pili, deuteri, imeongezwa chembe nyingine moja iitwayo nyutroni, na ya tatu, triti, imeongezwa mbili. Harold Urey wa Marekani aligundua deuteri mwaka 1931, akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1934. Deuteri ikiungana na oksijeni, hayo ndiyo maji mazito.

Ndiyo sababu maji ya kisima chetu ni mazito kinywani?
La, dada yangu. Unayoihisi ulimini ni chumvi. Chini ya vilima vya mchanga vya Shela maji matamu ya mvua yamelala juu ya maji ya bahari. Yakitekwa kupita kiasi, ya chumvi hupanda. Deuteri iko katika kila maji: atomu 1 kwa kila 6,400 hivi za hidrojeni. Chukua dumu la lita 20. Ukiikusanya deuteri yote iliyomo uifanye maji mazito, utapata gramu 3 na ushei. Kijiko cha chai hakijai. Maji ya mvua ya kwenye jabia yana pungufu kidogo kuliko ya bahari, maana jua huinua mepesi kwanza, lakini tofauti hiyo mwili hauijui.

Haitamdhuru mtoto?
Haitamdhuru. Mtu mzima hutembea na gramu 2 hivi za deuteri mwilini maisha yake yote. Wanyama wa maabara hudhurika vibaya pale robo ya maji ya mwili wao inapogeuzwa kuwa mazito, jambo lisilowezekana kwa kata ya kisimani.

Na triti?
Hiyo ina mionzi, lakini dhaifu, haipenyi ngozi. Angani hutengenezwa kidogo mno, na kila miaka 12 na ushei nusu yake hupotea.

Basi nichemshe maji?
Chemsha, lakini si kwa ajili ya deuteri. Haitoki kwa moto, wala chumvi haitoki. Chemsha kwa ajili ya vijidudu. Kisima kilicho karibu na shimo la choo ndicho kinachonikosesha usingizi mimi, maana kipindupindu huua mtoto kwa saa chache. Na huyo wa miezi 4 usimpe maji kabisa. Maziwa yako yanamtosha mpaka atimize miezi 6. Wewe ndiye unywe, tena sana.

Yuko mama aliyekunywa maji mazito kwa makusudi?
Wako wengi. Watafiti wa lishe humpa mama anayenyonyesha gramu 30 hivi anywe mara moja, kisha kwa siku 14 huchukua mate yake na ya mtoto kwa pamba. Deuteri inayoonekana kwenye mate ya mtoto imepitia kwenye maziwa, na kwayo hupigwa hesabu amenyonya kiasi gani kwa siku. Na kama nyanyake alimpa maji kwa kijiko mama asipoona, hesabu hiyo huonyesha.