Nebula haionekani kama kwenye picha, hata ukikuza mara 500

Miaka nenda miaka rudi, ujumbe huu huzunguka kwenye magrupu: picha ya nebula (wingu kubwa la gesi na vumbi angani) yenye rangi nyekundu na zambarau, na maneno kwamba darubini ya nyumbani ikikuza mara 500 utaiona hivyohivyo. Sivyo.

Picha yenyewe huenda ni ya kweli, ila kamera hukusanya mwanga kwa dakika nyingi. Jicho haliwezi, na gizani chembe zake za kutambua rangi karibu hazifanyi kazi. Kukuza zaidi hutawanya mwanga uleule, wingu likazidi kufifia.

Jaribu mwenyewe. Kaa gizani dakika 20, kisha elekeza darubini kwenye Nebula ya Orioni, karibu na zile nyota tatu zilizojipanga mstari. Utaona ukungu wa kijivu, pengine wenye ukijani kidogo, na ni mzuri ajabu: mwanga huo umesafiri zaidi ya miaka 1,300.

Mkanganyiko unaeleweka, kwani baadhi ya nyota pacha, yaani nyota mbili zinazoonekana kama moja kwa macho matupu, huonyesha rangi kweli. Albireo, mojawapo ya hizo, ikikuzwa mara 30 tu, hugawanyika: moja ya dhahabu, nyingine ya buluu. Hizo ni nukta angavu, si ukungu.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Wanaoanza huvunjika moyo wakidhani darubini yao ni mbovu.