Rais Mwenye Tumbaku Kichwani: Siasa Ndani ya Viko vya Kale

Franklin Pierce alikuwa rais wa Marekani kuanzia 1853 hadi 1857. Jina lake halitajwi sana siku hizi, hata na Wamarekani wenyewe. Wanaakiolojia wanaochimba makazi ya katikati ya karne ya 19 nchini humo wanamfahamu vizuri, kwa kuwa hukutana naye ardhini. Wanachokipata ni kichwa kidogo cha udongo wa kuchoma, utosi wake uko wazi, ndani mmeganda masizi, na jina la rais limechapwa juu ya uso. Ni kiko. Mtu wa kawaida alijaza tumbaku katika kichwa cha mkuu wa nchi yake, akaiwasha, akaivuta, na siku kiko kilipovunjika akakitupa jalalani.

Pierce hakuwa peke yake. Wako pia Zachary Taylor na Millard Fillmore, marais waliomtangulia. Viko vingi vya aina hii havikutengenezwa Marekani. Vilifinyangwa Ujerumani, katika miji kama Uslar na Grossalmerode, vikapakiwa kwenye mapipa na kuvushwa bahari ya Atlantiki. Fundi aliyechonga kalibu, yaani umbo la kufinyangia, pengine hakuwahi kumwona rais huyo hata kwa picha, ndiyo maana mara nyingi sura haimfanani mwenyewe. Anayemtambulisha ni jina.

Tunaotunza mikusanyo ya makumbusho huulizwa mara kwa mara kwa nini tunatumia nafasi na fedha kuhifadhi vifaa vya kuvutia tumbaku, ilhali tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka. Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba hatuhifadhi uvutaji, tunahifadhi ushahidi. Wakati ambapo magazeti yenye picha yalikuwa ghali na wengi hawakujua kusoma, kiko cha udongo kilikuwa miongoni mwa njia rahisi kabisa za mtu maskini kumiliki sura ya kiongozi. Watu wa pwani yetu wanaovaa kanga na vitenge vyenye picha za marais hawahitaji kuelezwa sana jambo hili.

Urahisi huo ulitokana na udongo. Uingereza ilianza kutengeneza viko vya udongo mweupe mwishoni mwa karne ya 16. Bakuli za mwanzo, yaani sehemu ya kutia tumbaku, zilikuwa ndogo mno, kwa sababu tumbaku ilikuwa bidhaa ya anasa. Bei ya tumbaku iliposhuka, bakuli zikakua. Kazi ikasambaa hadi Broseley nchini Uingereza, Gouda nchini Uholanzi, na baadaye Saint-Omer na Givet kaskazini mwa Ufaransa. Kiko cha udongo kilikuwa cha bei ndogo na kilivunjika upesi, kwa hiyo mtu alinunua kingine na kingine tena. Mtengenezaji aliyetaka kuuza alilazimika kujua wiki hii watu wanamzungumzia nani.

Utengenezaji wenyewe unastahili kuelezwa polepole, maana ndio unaotufundisha kukisoma kiko. Udongo ulisafishwa, ukakandwa, kisha ukaviringishwa kwa kiganja kuwa kipande chenye umbo la karoti: upande mmoja mnene kwa ajili ya bakuli, upande wa pili mwembamba kwa ajili ya mrija. Ukiachwa ukauke kidogo, fundi alipitisha waya mrefu katikati ya mrija bila kutoboa pembeni, kazi iliyohitaji vidole vyenye uzoefu wa miaka. Kisha kipande kilibanwa ndani ya kalibu ya chuma au shaba yenye nusu mbili, na kizibo cha chuma kikashindiliwa kwa juu ili kutengeneza tundu la bakuli. Kalibu ilipofunguliwa, uso ulikuwa tayari umejichapa: pua, masharubu, vifungo vya koti. Mabaki ya udongo kwenye maungio yalikwanguliwa kwa kisu, mara nyingi na wanawake na watoto, kisha viko vikachomwa tanurini. Vile vya bei ya juu vilipakwa rangi za enameli: macho meupe yenye mboni nyeusi, medali ya dhahabu, kofia nyekundu.

Alama ya maungio haipotei kabisa. Ukikishika kiko cha aina hii na kukigeuza polepole chini ya taa, utauona mstari mwembamba ukipanda kwenye mrija, ukipita kidevuni, ukikatiza paji la uso katikati. Mstari ukiwa mkali, kalibu ilikuwa mpya. Ukiwa na nundunundu na sura imefifia, kalibu ilikwisha tumika kwa maelfu ya viko, nasi tunajua kiongozi huyo aliuzika kwa muda mrefu.

Ufaransa ndiyo iliyoufikisha ufundi huu kileleni. Kiwanda cha Fiolet cha Saint-Omer na kile cha Gambier cha Givet vilikuwa na mamia ya wafanyakazi, na orodha ya Gambier ilikuwa na zaidi ya mitindo elfu moja. Wamo wafalme, majenerali, washairi, waigizaji na miungu ya Kigiriki. Kiko chake kilichopendwa kuliko vyote hakikuwa cha mwanasiasa. Kilikuwa Jacob, mzee mwenye ndevu ndefu na kilemba, ambaye kwenye kilemba chake yameandikwa maneno ya kujitangaza kuwa yeye ndiye Jacob halisi, kwa sababu washindani walikuwa wakimuiga. Hata hivyo ukipanga viko vya Gambier kwa miaka, unaiona siasa ya Ufaransa ikipita mbele yako.

Sura ya kiongozi ilikuwa na uzito. Baada ya Napoleon kuangushwa mwaka 1815 na ufalme kurudishwa, vitu vyenye picha yake vilihesabiwa kuwa uchochezi na polisi walivikamata. Upepo ulipobadilika, na hasa mabaki yake yaliporudishwa Paris mwaka 1840, kofia yake ya pembe mbili ikaonekana kila mahali, viko vikiwemo. Nusu karne baadaye Jenerali Georges Boulanger alishinda uchaguzi wa Paris Januari 1889, na Ufaransa nzima ikadhani atatwaa madaraka kwa nguvu. Sura yake ilichapwa kwenye sahani, vitambaa, sabuni na viko. Aprili mwaka huohuo alikimbilia Brussels, na mwaka 1891 akafia uhamishoni. Mzigo wa viko uliobaki dukani haukuwa na pa kwenda. Kwa mtafiti, viko vya watu walioshindwa vina thamani kubwa, kwa kuwa vinahifadhi matumaini ambayo vitabu vya historia huyapitia kwa sentensi moja.

Uholanzi ilikuwa imeanza mapema zaidi. Katika miaka ya 1780 nchi iligawanyika kati ya wafuasi wa ukoo mtawala wa Orange, jina lenye maana ya chungwa, na wale waliojiita Wazalendo. Mafundi wa Gouda walichora kwenye bakuli mti wa mchungwa, na sura za Willem wa Tano na mkewe Wilhelmina. Jeshi la Prussia liliporudisha utawala wao mwaka 1787, kuvuta kiko chenye mchungwa hadharani kulikuwa ni kutangaza upande wako bila kufungua kinywa kusema lolote.

Ireland walifanya hivyo kwa maandishi zaidi kuliko kwa sura. Viko vya huko vilipigwa mihuri ya madai ya kujitawala, na majina ya viongozi wa madai hayo, Daniel O'Connell na Charles Stewart Parnell. Mkulima aliyepanga shamba la bwana mwenye ardhi alikuwa na kiko chenye jina la Parnell mdomoni mbele ya bwana huyohuyo. Katika kijiji cha Knockcroghery, jimbo la Roscommon, karibu kila nyumba iliishi kwa kazi ya viko hadi Juni 1921, wakati wa vita vya uhuru, ambapo majeshi ya Uingereza yaliteketeza kijiji kwa moto. Kazi hiyo haikuinuka tena.

Je, mvutaji alimpenda aliyemshika mkononi, au alimchukia? Hili ndilo swali gumu kuliko yote. Mchukue Adolphe Thiers, kizee mfupi mwenye miwani, rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tatu ya Ufaransa. Kwa wenye mali alikuwa mkombozi aliyewaondoa Wajerumani nchini. Kwa wafanyakazi wa Paris alikuwa mtu aliyeamuru Komuni, serikali ya waasi wa mji huo, izimwe kwa damu Mei 1871. Kiko chake kiliuzwa kwa wote. Mmoja angeweza kukishika kwa heshima, mwingine akafurahia kuona moshi ukitoka utosini mwa Thiers kila jioni. Udongo hautuambii, na mhifadhi makini haandiki kwenye kadi ya maonyesho kwamba kiko fulani kilikuwa cha shabiki isipokuwa ana barua, picha au maelezo ya familia ya kuthibitisha hivyo.

Paul Kruger anatuleta Afrika. Rais huyu wa Makaburu wa Transvaal, jamhuri iliyokuwa katika Afrika Kusini ya leo, alikuwa mvutaji kiko maarufu, na vita vya 1899 hadi 1902 dhidi ya Uingereza vilipozuka, watu wengi wa Ufaransa, Uholanzi na Ujerumani walimwona shujaa mnyonge. Alipotua Marseille Novemba 1900, akiwa ndani ya manowari ya Uholanzi iitwayo Gelderland, alilakiwa na umati mkubwa. Viwanda vilikuwa tayari vimechonga uso wake: mashavu mazito, mifuko chini ya macho, ndevu zinazozunguka taya huku mdomo wa juu umenyolewa. Hadi leo mtindo mmoja wa kiko cha mbao kilichopinda sana unauzwa kwa jina lake, Oom Paul. Na wafungwa wa Kikaburu waliopelekwa Saint Helena, Ceylon na Bermuda walichonga viko vyao wenyewe kambini, na makumbusho kadhaa yanavyo.

Lakini katika vita hivyohivyo Waafrika weusi zaidi ya 100,000 walifungiwa kambini na Waingereza, na waliofariki ambao kumbukumbu zao zipo ni zaidi ya 14,000. Jamhuri ya Kruger ilikuwa imewanyima haki ya kupiga kura tangu mwanzo. Hakuna kiko cha hata mmoja wao. Waafrika wamo katika orodha za viwanda vya Ulaya, tena kwa wingi, ila wamo kama vichwa tu: midomo iliyokuzwa, hereni, macho ya enameli yaliyotumbuliwa, na badala ya jina kuna neno la dharau la kutaja rangi. Mzungu aliyeshindwa uchaguzi alipata jina. Mwafrika alipata namba ya kalibu.

Kuna mmoja ambaye mafundi wa Ufaransa walimpa jina: Amir Abdelkader wa Algeria, aliyepigana na jeshi lao hadi aliposalimu amri Desemba 1847, akafungwa Ufaransa hadi 1852. Kichwa chake chenye ndevu na kilemba kilitengenezwa kiko. Kwa maoni yangu hicho ni miongoni mwa viko vizito kuliko vyote katika kundi hili, na makumbusho yanayokionyesha pembeni ya vile vichwa visivyo na majina yanafanya kazi yake ipasavyo. Kuvificha stoo hivyo vya dharau kwa kuona haya ni kosa, maana ni kumwondolea mtazamaji ushahidi. Kuviweka kabatini bila maelezo ni kosa kubwa zaidi.

Enzi ya viko vya udongo haikudumu. Kuanzia katikati ya karne ya 19 mji wa Saint-Claude nchini Ufaransa ulianza kutengeneza viko vya mbao ya mzizi, visivyovunjika vikianguka. Matajiri walikuwa na vyao vya mirishamu, jiwe jeupe jepesi linalochimbwa Eskişehir nchini Uturuki, ambalo hubadilika kuwa la rangi ya asali na kisha kahawia kadiri linavyovutiwa. Sigara za mashine zikamaliza kilichobaki. Miaka ya 1920 viwanda vikubwa vya Saint-Omer na Givet vilikuwa vinafunga milango.

Anayetaka kuviona kwa macho aende Amsterdam, katika makumbusho ya viko yaliyoko mtaa wa Prinsengracht, au Saint-Omer kwenye makumbusho ya Hôtel Sandelin. Kwa aliye na kiko cha zamani nyumbani, awe Mombasa, Muscat au Toronto, yako mambo machache ya kuzingatia. Usikioshe. Udongo wa kuchoma hunyonya maji, na mirishamu hulainika ikilowa. Isitoshe, uchafu ule wenyewe ni habari: mwaka 2019 watafiti walipata DNA kwenye kipande cha mrija kutoka shamba la watumwa la Belvoir, jimbo la Maryland. Mwenye kiko alikuwa mwanamke, na nasaba yake ilikaribiana na ya Wamende wa Sierra Leone. Mswaki na sabuni vingemfuta duniani mara ya pili.

Tazama mrija kwa lenzi. Gambier waliandika jina lao na Paris, Fiolet waliandika Saint-Omer, na mara nyingi ipo namba ya mtindo. Vipande vya mirija ya Kiingereza vya karne ya 17 na 18 vinaweza kukadiriwa umri hata bila chapa, kwa kupima upana wa tundu. Mwanaakiolojia J. C. Harrington alionyesha mwaka 1954 kwamba tundu lilizidi kuwa jembamba kadiri miaka ilivyopita. Kipige picha pande zote, rula ikiwa pembeni, na uandike kilikotoka na kilivyoingia kwenye familia. Kama kimeokotwa ardhini au ufukweni, usichimbe kutafuta vingine. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 na Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Weka alama mahali pale, kisha upeleke taarifa makumbusho ya taifa iliyo karibu nawe.