Udhanaishi si kukosa vina

Juzi nimesikia tena shairi likiitwa la kidhanaishi kwa sababu mbili tu: halina vina, na limejaa simanzi. Nimeyasikia haya mara nyingi mno.

Udhanaishi ni falsafa isemayo kwamba binadamu hazaliwi na maana iliyokwisha kupangwa. Kwanza yupo, kisha anajiumba kwa anayoyachagua, na dhima ya uchaguzi huo ni yake. Ndivyo Sartre, mwanafalsafa Mfaransa, alivyohubiri mjini Paris, Oktoba 1945.

Sasa litazame neno lenyewe. Dhana, ndugu yake kudhani, na ishi. Yote mawili tuliyapata kwa Waarabu. Lakini aliyeyaunga alitanguliza dhana, kuishi kukafuata, ilhali Sartre anasisitiza kuwa kuwepo ndiko kunakotangulia! Wazungu neno lao la falsafa hii walilichota kwenye kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kujitokeza, kusimama wazi. Naamini hapa ndipo tunapoteleza: tukisikia dhana tunawaza fikra nzito, na fikra nzito tunaihesabu kuwa huzuni.

Na vina? Rilke, mshairi wa Kijerumani, alitoa soneti (mashairi ya mistari kumi na minne) zake 55 kwa Orpheus, mwimbaji wa visasili vya Kigiriki, mwaka 1923, zote zina vina. Hata hivyo Heidegger, mwanafalsafa Mjerumani ambaye Sartre alichota mengi kwake, alimtolea Rilke mhadhara mzima mwaka 1946. Upande wa pili, mshairi wa Kiingereza T. S. Eliot alikwisha kulivunjavunja umbo la shairi mwaka 1922, udhanaishi wa Sartre haujasikika bado. Usasa katika ushairi, yaani huko kuvunja umbo la kale, una historia yake. Ulikutana na falsafa hii njiani.

Kwetu kuchanganya kulikuwa rahisi, kwa kuwa mkono ulioandika vyote viwili ni mmoja. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Tanzania, alitoa *Kichomi*, mashairi huru, na *Kichwamaji*, riwaya ambamo mhusika mkuu, Kazimoto, anajiua. Wengi tukavifunga pamoja: kukosa vina, kukata tamaa, udhanaishi.

Lakini lisome "Dhamiri Yangu" katika *Kichomi*. Msemaji ni kama mbuzi. Dhamiri imemfunga shingoni, kwenye mti wa utu. Kamba ni fupi. Amekwisha kuchora duara, majani ya karibu ameyamaliza, mengine anayaona tu mbele yake.

Basi, ndugu yangu, ukitaka kusema halina vina, sema ni shairi huru. Likikuhuzunisha, sema linahuzunisha. Ukiniuliza udhanaishi wake uko wapi, nitakuonyesha ile kamba, na yule aliyeivaa shingoni akipima la kufanya.